Sekunde Kumi za Mbishi

Kila Jumamosi, mapema asubuhi, Mbishi alifagia gereji ya shangazi yake, akapanga spana kwa ukubwa wake, kisha akamwaga vumbi la mbao palipodondoka oili. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na neno "haiwezekani" lilimwasha kama upupu.

Jumamosi moja, mkunga wa zahanati ya mlimani alileta gari lake. Lilikuwa gari dogo lenye tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa nyingi ili ipate nguvu. Safari ya kwanza ya siku lilipanda mlima vizuri. Ya pili na ya tatu, likiwa limebeba mama mjamzito na ndugu zake, lilichoka.

"Jana tulipitwa na baiskeli," mkunga alisema. "Mama wa watu ana uchungu, na mwenye baiskeli anatupungia mkono!"

Shangazi alicheka, akafungua boneti. "Tabo ikisukuma hewa, hewa inapata moto, na injini haipendi hewa ya moto. Kwa hiyo hewa hupitishwa kwanza kwenye hiki kipoza hewa. Mafundi tunakiita intakula. Chako ni kidogo, dada. Kikishapata moto hakipozi tena. Nitakufungia kikubwa."

Fundi wa gereji ya jirani alisikia, akavuka barabara na kikombe chake cha chai. Watu walimwita Kompyuta, maana kila gari lililoingia kwake lilitoka limebadilishwa mipangilio ya kompyuta ya injini.

"Unapotezewa muda," alimwambia mkunga. "Bila kugusa kompyuta, intakula kubwa ni pambo tu. Lilete kwangu."

"Injini haina kosa," shangazi alijibu, bila kuinua kichwa. "Mipangilio yake ni ile iliyotoka nayo kiwandani, na itabaki hiyo hiyo."

"Haiwezekani."

Mbishi alitupa ufagio. "Inawezekana! Tutapima, na wewe utaona!"

"Mbishi!" shangazi alifoka. "Shikamoo umeimeza?"

"Shikamoo, mjomba," Mbishi alisema haraka. "Lakini tutapima."

Kompyuta alicheka mpaka chai ikamwagika. "Marahaba. Pima basi, mwanangu. Nipo."

Walipima kwanza gari likiwa na kipoza hewa cha zamani. Waliweka magunia mawili ya mchanga kwenye buti badala ya abiria. Mkunga aliendesha, Mbishi akakaa pembeni na saa na daftari. Walipanda kutoka darajani hadi kwenye tangi la maji, mara tatu mfululizo, kwa mwendo unaoruhusiwa. Safari ya kwanza ilichukua dakika nne na sekunde kumi. Ya pili, dakika nne na sekunde ishirini na tano. Ya tatu, karibu dakika tano. Shangazi alizisoma namba hizo, akatikisa kichwa, akavaa ovaroli.

Kazi ilikula saa tano. Bampa lilitoka, kipoza hewa cha zamani kikatoka, kikubwa kikaingia, mipira ya hewa ikaunganishwa na kubanwa kwa klipu za chuma. Kufikia mchana kulikuwa na lori lililokuwa likimsubiri shangazi. Akaingia uvunguni mwake, akasema, "Nendeni mkapime. Mniletee namba."

Mkunga alikanyaga mafuta. Tangu kona ya kwanza Mbishi alisikia sauti chini ya boneti, sss, kama tairi linalotoka upepo.

"Mbona hiyo intakula inalia hivyo?" mkunga aliuliza.

"Ni mpya," Mbishi alijibu. "Itazoea."

Walipofika kwenye tangi la maji, alitazama saa. Dakika nne na sekunde kumi na tisa. Akaitazama tena. Gari lilikuwa limekwenda polepole kuliko asubuhi, na hiyo ilikuwa safari ya kwanza tu!

Alimfikiria Kompyuta na kicheko chake. Akafikiria darasani, ambako mtoto wa Kompyuta angeitangaza habari kabla ya kengele. "Hanicheki mtu," alijiambia. Akaandika dakika nne na sekunde tisa.

"Vipi?" mkunga aliuliza.

"Safi. Hatuna haja ya kurudia."

Gerejini, shangazi alitoa kichwa chini ya lori, akazipokea namba, akatabasamu. "Umemsikia, Kompyuta? Tisa!" Kompyuta, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka kutazama barabara. Mbishi alijiona mrefu kama nguzo ya umeme.

Ndipo simu ya mkunga ilipolia. "Usiogope, mwanangu," mkunga alimwambia aliyepiga. "Uchungu ukizidi, nakuja kukuchukua mwenyewe. Gari limepona. Limepimwa."

Limepimwa. Neno hilo lilimchoma Mbishi kama cheche. Je, likizimika njiani na yule mama yumo ndani? Ile sauti ilirudi masikioni mwake, sss. Mkunga alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

"Usiende!" Mbishi alipiga kelele. Akasimama mbele ya gari, mikono kiunoni. "Nimeandika uongo. Ilikuwa kumi na tisa. Na kuna kitu kinavuja hewa."

Kompyuta akaangua kicheko. "Nilisema mimi! Pambo! Na sasa hata namba zao ni za kupika!"

Machozi yalimlenga Mbishi, lakini hakuinamisha kichwa. "Nicheke, mjomba. Nimedanganya, ni kweli, na ni mimi peke yangu. Shangazi hakujua. Lakini hatujashindwa bado. Gari haliondoki hapa mpaka tujue linavuja wapi."

Shangazi hakumgombeza. "Lete maji ya sabuni," alisema.

Aliunganisha kompresa, akajaza hewa kwenye mipira. Mbishi alipaka povu kila kiungo, kimoja kimoja. Kwenye mpira wa chini, mapovu yalianza kutoka kwa kasi.

"Klipu imelegea!" Mbishi alisema.

Shangazi aliishika, ikazunguka kwa kidole. Akasimama, akajifuta mikono, akawageukia wote, Kompyuta akiwemo. "Hii nimeifunga mimi. Nilikuwa na haraka ya lori. Kosa ni langu." Akamgeukia mkunga. "Dada, huu mpira ungechomoka katikati ya mlima."

Mkunga alishika kifua. "Na mimi ningekuwa na mgonjwa." Akamtazama Mbishi. "Mficha uchi hazai. Nawaambia kina mama hivyo kila siku, leo nakwambia na wewe."

Shangazi alikaza klipu, wakarudi mlimani. Safari hii Kompyuta aliomba kukaa kiti cha nyuma na saa yake mwenyewe, wakashusha gunia moja kufidia uzito wake. Safari ya kwanza, dakika nne na sekunde kumi. Ya pili, sekunde kumi na moja. Ya tatu, jua likiwaka na injini ikiwa moto, sekunde kumi na mbili.

"Nguvu haikuongezeka," Kompyuta alisema waliporudi. "Kumi asubuhi, kumi sasa."

"Kweli kabisa," shangazi alijibu. "Sikuahidi nguvu mpya. Niliahidi ile iliyokuwepo isilikimbie gari likipata moto. Na kompyuta yenyewe imeguswa?"

"Haijaguswa." Kompyuta alikuna kichwa. "Haya, nimekubali. Imewezekana."

Mkunga aliondoka, na kabla jua halijazama mtoto wa kiume alizaliwa zahanatini, akilia kwa sauti iliyosikika hadi nje.

Mbishi alichukua daftari ili achane ule ukurasa. Shangazi alimzuia mkono.

"Usichane. Kata mstari juu ya ile tisa, andika kumi na tisa pembeni, utie saini."

"Watu wataona, shangazi."

"Waone. Ulitaka kunitetea, najua. Lakini ile tisa ilikuwa inanifichia kosa langu, na ungenitetea mpaka tuue mtu. Namba mbaya ndiyo iliyotuonyesha klipu. Bishana na Kompyuta, bishana na mimi, bishana na dunia nzima ukitaka. Ila ukweli usibishane nao, mwanangu. Usimame nao, hata kama watu wanakucheka."

Mbishi alishika kalamu, akakata ile tisa kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika kumi na tisa pembeni, kisha jina lake kwa herufi kubwa.