Matofali ya Mjomba Hayakulowa

Haya yalimkuta mjomba wangu, kaka yake mama, mfyatua matofali. Siku ilianza kama nyingine zote: jua kali, matofali mabichi yameanikwa uwanja mzima, na mjomba yuko hoi kabla hata ya kunywa chai.

Mama ndiye aliyewaona sisimizi. Walikuwa wakitoka chini ya kitanda cha mjomba, wamebeba mayai, wanapanda ukuta kwenda darini.

"Kaka, wanahama. Mvua inakuja."

Mjomba alitazama juu, akaguna. Wingu halikuwepo hata la kusingizia. Lakini tulikula kwa matofali yale, na sisimizi hawakuwahi kumdanganya. Tukayafunika mimi na yeye, kwa maturubai na nyasi, mpaka migongo ikakataa kunyooka. Kereng'ende nao waliruka chini chini, wakitugusa magoti.

"Huku uwanjani sijaona sisimizi hata mmoja," mama alinong'ona. "Wote wanatoka chumbani kwako. Njoo upumzike kwangu."

"Dada, hata kiatu siwezi kuvua. Acha nijinyooshe kidogo."

Akaingia, akafunga komeo.

Nilikuwa nimeketi kivulini niliposikia maji yakichapa ukuta chumbani mwake. Nikajua anaoga. Kisha nikakumbuka bafu liko nyuma ya nyumba.

Niligonga. Nikagonga tena.

"Mjomba?"

Kitu kilijibu kwa kugonga. Si mlangoni. Darini.

Tulivunja mlango. Kizingiti kilikuwa na vumbi. Sakafu kavu. Mjomba alikuwa kitandani na viatu vyake, ameloa chapachapa. Mama alipomgeuza, maji yalimtoka mdomoni na puani, mengi, hayakwisha upesi. Alikuwa ameshakufa. Nililia kwa hasira kuliko huzuni. Tulikuwa tumeyafunika matofali, yeye tukamwacha.

Mvua haikunyesha siku ile, wala wiki ile. Matofali yalikauka vizuri, tukayachoma.

Chumba bado kipo. Katikati ya dari pana alama za viganja viwili, za udongo wa kufyatulia, na vidole vimekwaruza ubao. Mama ameniomba nizifute. Nimemwambia nimechoka, nitazifuta siku nyingine. Ukweli ni kwamba hata nikisimama juu ya meza sizifikii, na mjomba alikuwa mfupi kuliko mimi.