Motokaa ya Viti Viwili Ilinikosesha Nabwire

Nina umri wa miaka ishirini na saba. Ni mwalimu wa sekondari hapa Tororo, na digrii yangu niliipata kwa jasho la baba yangu, mkulima wa Paya. Nawaandikia ninyi wasomaji wenzangu kwa sababu watu wa hapa wanaoijua habari hii wanaicheka, nami bado siwezi kuicheka...

Mchumba wangu aliitwa Nabwire, binti wa kijiji cha Buteba. Ng'ombe wa mahari walikwisha kufika kwao. Kilichobaki ni harusi kanisani, baada ya mavuno ya pamba.

Wakati huo nilikuwa na motokaa kuukuu, yenye milango minne na moshi mwingi. Haikuwa na sura, lakini ilikuwa na kiti cha nyuma. Kwetu huku mpakani mkwe hamshiki mama mkwe wake mkono, wala hakai karibu naye. Basi nilipoombwa kumpeleka mama yake Nabwire sokoni Busia, tulitundika leso katikati ya gari. Yeye na binti yake walikaa nyuma, mimi na rafiki yangu Okello mbele, na hakuna aliyeaibika.

Okello alikuwa mwalimu mwenzangu. Tuliishi nyumba moja, na kila nilipokwenda ukweni alinisindikiza, kama ilivyo desturi. Mara nyingi yeye ndiye aliyeendesha.

Ile kuukuu ilipochoka, nikaanza kuwaza ninunue gani baada yake. Ndipo nikaiona... Motokaa ya mbio kutoka Ulaya, nyekundu, viti viwili, paa la turubai. Mwenyewe alikuwa Mzungu, mhandisi aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao baada ya Uhuru.

Kwa nini mtu auze kitu kizuri hivyo? Nilikwenda kuitazama tena na tena. Nilinusa oili. Niligonga bodi kwa kidole kama mama anayechagua chungu sokoni. Mzungu akitabasamu, nilijiambia ananificha jambo. Asipotabasamu, nilijiambia dhamiri inamsuta. Nikamleta fundi kutoka Malaba. Aliposema injini ni nzima, nikashuku amehongwa.

Kila kitu nilikishuku, isipokuwa viti.

Okello ndiye aliyevitazama. "Ndugu yangu," aliniambia, "hii ni gari ya mtu asiye na wakwe. Siku mama akiugua utamweka wapi? Kwenye buti, pamoja na jeki?"

Nilicheka, lakini moyoni nilijiuliza: kwa nini hataki niinunue? Kesho yake nikamkuta barazani kwa Mzungu, wakizungumza kwa sauti ya chini. Waliponiona wakanyamaza. Nikaona nimepata jibu langu. Anaitaka mwenyewe!

Nikainunua siku hiyo hiyo. Wakati wa kunipa ufunguo, Mzungu aliniambia kwamba rafiki yangu alikuja kuuliza kama kuna mwenzake anayeuza gari lenye kiti cha nyuma, kwa ajili yangu. Hata hilo sikuliamini. Nilidhani wamelipanga pamoja.

Jioni nilimwita Okello mnafiki mbele ya walimu wenzetu. Hakubishana. "Sawa, bwana mkubwa," alisema. "Endesha salama." Akahamia nyumba nyingine, nami nikawa naenda Buteba peke yangu.

Alasiri moja ya Jumamosi wanawake walikuwa shambani wakichuma pamba. Nilikuwa nimeketi uani na mjomba wa Nabwire tuliposikia mayowe. Nyoka alikuwa amemuuma mama yake Nabwire mguuni. Nilikimbia, nikavua tai yangu, nikapandisha gauni lake na kumfunga juu ya goti... Ndiyo, wasomaji. Paja la mama mkwe.

"Mkwe, hapana shika huyu mama!" mjomba alinipigia kelele. "Ngoja watu ingine nakuja."

Nani angekuja? Pale hapakuwa na mwingine aliyejua kuendesha. Nabwire alimkokota mama yake hadi garini, akajaribu kuingia pamoja naye, lakini kiti hakikuwatosha na mlango ukakataa kufungwa. Nilisimama nikiwaza. Nikimbeba, nimepotea. Nisipombeba, atakufa. Nabwire akashuka, akamshusha na mama yake, akanitazama.

"Mbebe," alisema.

Nikamwinua kifuani na kumweka kando yangu. Njia nzima hadi hospitali ya Tororo kichwa chake kililala begani kwangu. Kila nilipobadili gia, mkono wangu uligonga goti lake. Alitapika kwenye shati langu, nami nikampangusa mdomo kwa kiganja. Mara moja alifumbua macho, akaona ni mimi, akayafumba tena. Machozi yakamtoka.

Alipona. Namshukuru Mungu kwa hilo, na simshukuru kwa midomo tu.

Kisha Nabwire akaja shuleni kuniona. Wazee walikuwa wamekaa. Kama ningemgusa mkono tu, walisema, mbuzi mmoja angetosha kulisafisha jambo.

"Mama anasema ulimbeba kama mtoto anavyombeba mzazi wake," Nabwire aliniambia. "Mkwe habebi hivyo. Wazee wamekubali. Wewe ni mwanawe."

"Na wewe?"

"Mimi ni binti yake, Mwalimu." Alitazama chini. "Ndugu hawaoani."

Nilimwambia dunia inabadilika, na padri yuko tayari kutufungisha ndoa.

"Padri atatufungisha, halafu atarudi kwake," alisema. "Mimi nitarudi kwa mama vipi?"

Ng'ombe walirudishwa Paya, hata ndama aliyezaliwa Buteba. Na mimi, kwa akili yangu ile ile, nikaanza kushuku. Labda amepata mwingine? Labda wazee ni kisingizio? Nikaenda Buteba kuchunguza. Nikamkuta Nabwire amekonda, macho yamevimba, hana mtu yeyote. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili, akanishika mkono kwa mara ya kwanza, akaniita mwanangu. Sijawahi kuumizwa na neno zuri kiasi kile...

Vijana wenzangu mnaotafuta motokaa, nawasihi. Injini itazameni, bodi igongeni, lakini kwanza wakumbukeni watu wenu wa nyumbani na wa ukweni, na mjiulize kila mmoja wao atakaa wapi. Na rafiki akikwambia usinunue, usianze kujiuliza anataka nini. Mwulize ameona nini.