Bendera ya Bwawa la Hegg

Wendell Kubicek alitolewa majini saa tatu asubuhi, kofia yake ya sufi bado imefungwa vizuri chini ya kidevu, kama mtoto anayepelekwa shule. Wapiga mbizi wa zimamoto wakamlaza kwenye ubao. Wanafunzi waliokuwa wamesimama kando ya bwawa na vikombe vyao vya kahawa wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Inspekta Hovland wa polisi wa wilaya aliangalia maiti, akaangalia tundu kubwa katikati ya barafu, halafu akaangalia mlingoti pale gatini. Bendera nyekundu, inapepea.

"Mjinga wa watu," akasema, na wala hakusema kwa ubaya.

Maana bendera ile kila mtu wilaya nzima anaijua. Kijani ni kwamba barafu imepimwa, pita. Nyekundu, kaa hukohuko nje. Na bwawa lenyewe, lililo ndani ya eneo la chuo, lina mambo yake. Pale chuoni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho lazima avuke kwa miguu, peke yake, kutoka gatini mpaka ng'ambo, wenzake wamejipanga ukingoni wanamzomea na kumgongea masufuria. Usipovuka, hata ubebe digrii tatu, watakwambia hujamaliza.

Sasa, miaka mitatu mfululizo baridi ilikuwa legelege na hakuna darasa lililovuka. Halafu chuo chenyewe kilikuwa kinafungwa mwezi wa tano, kwa sababu wanafunzi wamebaki wa kuhesabika na hela hakuna. Kwa hiyo kuvuka kwa Jumamosi hii kulikuwa ndiko kwa mwisho kabisa. Wazee waliosoma pale zamani walikuwa wameshaanza safari, wengine wanatoka Chicago, wengine Denver.

Aliyeona tundu na kukimbia kugonga kengele alikuwa Signe Brekke, binti wa mwaka wa mwisho. Yeye ndiye aliyekuwa mpimaji wa barafu mwaka ule, maana fundi wa chuo aliyekuwa akifanya kazi hiyo alipunguzwa. Tena alikuwa rafiki wa marehemu tangu mwaka wa kwanza.

Hovland alimhoji bwaloni, chapati za maji zimepoa mbele yao na asali ya utomvu wa mti imeganda juu. Signe alieleza bila kutetereka. Jana jioni alipima, akakuta barafu nyembamba, akapandisha nyekundu, na tangu hapo hajaigusa kamba. Wendell alikuwa mwoga wa kuzomewa. Labda alitaka kujaribu mapema, watu hawajaamka.

"Kwa neno langu," akamalizia.

Hovland alifungua mdomo aulize tena. Dokta Pruitt, mlezi wa wanafunzi, aliyekuwa amekaa pembeni yao, akamgusa mkono.

"Ameshatoa neno lake, Inspekta."

Alisema taratibu, kama unavyomwambia mgeni avue viatu. Pale mtu akishatoa neno lake haulizwi mara ya pili. Ndivyo walivyoishi miaka yote. Mitihani haina msimamizi, vyumba havina kufuli, pochi unaiacha kwenye benchi unaikuta. Hovland alizaliwa mji wa jirani, alikuwa anayajua hayo tangu utotoni, na ukweli ni kwamba alikuwa anayapenda. Akafunga mdomo.

Akampigia simu mama wa marehemu. Hiyo ndiyo kazi aliyoichukia kuliko zote. Alimweleza kila kitu, na mama akawa anaitikia tu, mpaka alipofika kwenye bendera.

"Nyekundu?" mama akauliza.

"Nyekundu, mama. Nimeiona mwenyewe."

"Wendell wangu anaangalia kushoto na kulia kwenye njia ya ng'ombe. Umekosea mtoto, afande."

"Pole sana, mama. Vijana wakati mwingine hawasikii."

Simu ikakatwa.

Jioni daktari wa hospitali ya wilaya alitoa majibu. Kifo cha maji, hakuna jeraha la kupigwa, hakuna pombe. Kucha zimevunjika kwa kung'ang'ania barafu. Jalada lingeweza kufungwa hapohapo.

Kesho yake asubuhi Hovland alitoka nyumbani na kikombe cha kahawa. Baridi ilikuwa kali vilevile. Alfajiri ya siku ya msiba yalinyesha yale manyunyu yanayoganda kila yanapogusa, na mpaka sasa hakuna kilichoyeyuka. Matawi kama kioo. Bendera ya jirani kibarazani, ambayo hajawahi kuishusha, ilikuwa imekakamaa kama bati.

Akasimama akaiangalia. Kahawa ikapoa mkononi.

Ile ya chuoni ilikuwa inapepea.

Aliendesha gari bila king'ora, maana hakukuwa na wa kumuwahi tena. Pale gatini alipiga magoti kwenye theluji. Mlingoti ulikuwa umevaa barafu kuanzia juu mpaka chini. Kamba ndiyo ilikuwa tupu, na chini yake vipande vya barafu vimetawanyika, vya mviringo, upande wa ndani vimeacha alama ya msokoto wa kamba. Mtu aliigonga akaivunja barafu ndipo akavuta. Kama bendera ilipanda jioni kabla ya manyunyu, basi kwa nini kamba ilivutwa baada yake?

Akapiga picha, akatia vipande kwenye mfuko wa ushahidi, ingawa alijua vitakuwa maji kabla ya kufika maabara.

Bwaloni vijana walimwona anaingia. Mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Ficheni viazi vyenu, afande karudi kula." Mwenzake akamwambia aache upuuzi, leo si siku yake. Dokta Pruitt alinyanyuka na kumfuata mlangoni.

"Naomba nizungumze na Signe," Hovland akasema.

"Alishasema."

"Najua. Namuuliza mara ya pili."

Pruitt alimkodolea macho. Hakupaza sauti. Alisema kwamba imebaki miezi michache tu chuo hiki kiwe historia, na kama kuna kitu kimoja watakachoondoka nacho ni hicho, kuamini neno la mtu. Akamwomba asiwavunjie.

"Dokta, kuna mama anaambiwa mwanawe alijiua kwa ujinga," Hovland akamjibu. "Nimemwambia mimi mwenyewe. Nipishe."

Walikaa kwenye chumba kidogo cha piano. Signe alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala. Hovland akaweka ule mfuko mezani. Maji yalikuwa yameshaanza kukusanyika chini.

"Uliigusa kamba jana asubuhi?"

Binti akaangalia mfuko.

"Signe. Bendera ilikuwa rangi gani?"

"Kijani," akasema.

Halafu yakatoka yote, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Alitoboa matundu karibu na gati, barafu nzuri, nene. Keekee ya kutobolea ikawa butu, vidole vimekufa ganzi, giza linakuja, na katikati hajafika. Katikati ndiko kuna chemchemi, barafu huwa inadanganya. Alijua. Lakini watu wapo njiani na darasa zima limesubiri tangu mwaka wa kwanza. Akasimama pale, akasema moyoni itakuwa sawa, mpaka Jumamosi itaongezeka. Akapandisha kijani.

"Na Wendell?"

"Alikuja chumbani usiku ule. Akaniuliza, umepima yote?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kwa neno langu. Akacheka, akasema basi anakwenda kulala. Hakuuliza tena. Sisi hatuulizi tena."

Hovland akamuuliza kuhusu asubuhi.

"Asubuhi nikarudi na keekee nyingine nimalizie. Nikaona tundu, na glovu imelala pembeni. Nikajua ni yeye. Nilitakiwa kukimbilia kengele. Nikakimbilia bendera. Kamba imeganda, ile kijani haishuki, nikawa naipiga na mpini, naipiga, naipiga."

"Wakati huo alikuwa ameshazama?"

Signe akafunika uso.

"Sikuangalia," akasema. "Nilikuwa naangalia bendera."

Hovland alimuuliza kwa nini. Yaani baada ya yote, kwa nini nyekundu.

"Ningekuwa ndiye niliyekiua chuo," Signe akasema. "Miaka yote hiyo watu wanaaminiana, halafu wa mwisho kabisa anadanganya. Nikaona bora waseme Wendell hakusikia. Yeye ameshakufa, nikajiambia haitamuuma."

Alipotolewa nje mikono haikufungwa pingu. Wanafunzi walisimama pande mbili za korido. Dokta Pruitt alimvika koti mabegani, akabaki ameshika ukosi wake, hajui auachie wakati gani. Hakuna aliyemzomea.

Mama Wendell alikuwa kwenye korido ya hospitali ya wilaya, nje ya chumba cha maiti, mwanamke mnene wa shamba, amekalia ukingo wa kiti na buti zake za zizini hajabadilisha. Hovland alikaa pembeni yake. Alimweleza mwanzo mpaka mwisho. Kwamba bendera ilikuwa kijani. Kwamba kijana aliuliza kabla ya kwenda. Kwamba yeye, Hovland, ndiye aliyemwambia vibaya, na anaomba radhi.

Mama hakulia. Aliuliza jina la binti, akatajiwa, akaitikia kwa kichwa. Anamfahamu. Binti huyo alishakula kwao sikukuu ya mavuno, akasaidia kuosha vyombo.

"Kwa hiyo aliuliza," mama akasema.

"Aliuliza."

Mama akamgeukia.

"Jana kutwa nzima nimemgombeza, Inspekta. Nakamua ng'ombe namgombeza. Nimeingia mle ndani kumwona, amelala kwenye chuma, nikamwambia, kichwa ngumu wewe, nilikufundisha nini."

Akaanza kunyanyuka, akashindwa, Hovland akamshika kiwiko.

"Nirudishe ndani kidogo," mama akasema. "Sikumuaga vizuri."