Nani Abaki

Chumba kilinuka tope la ziwa. Ghanima aliisikia harufu hiyo mara tu alipovuka kizingiti, akatazama viatu vyake akidhani amekanyaga kitu njiani. Viatu vilikuwa safi. Alikuwa amepanda mlima wa Kiriri kwa miguu, maana esanse ilikuwa imeadimika mjini na teksi zote zililala kwenye foleni za vituo vya mafuta, na kutoka huko juu Ziwa Tanganyika lilionekana mbali kabisa, bapa, lenye rangi ya bati. Tope la ziwa lingefikaje mlimani?

Wenzake wawili walikuwa wameshaketi. Mmoja alikuwa kijana mrefu mwenye tai, jina lake Gaël. Mwingine alikuwa msichana mwembamba aliyeukumbatia mkoba wake kama mtu aliye kwenye basi lenye wezi, naye aliitwa Joëlla. Viti vilipangwa kwa duara. Mwenyeji wao, Madame Spéciose, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, aliketi kando kidogo, mgongo wake umeelekea ukuta ambao rangi yake ilikuwa imefura kwa unyevu.

Kampuni ilikuwa inaingiza friji na majiko ya gesi, na ilitaka mtu wa mauzo. Mmoja tu.

"Ni entretien ya pamoja," alisema Spéciose. "Musiogope. Kwanza mutajitambulisha, kisha nitawapa kitu mukifanye pamoja. Mi nitakuwa natazama tu. Nani anaongoza, nani anasikiliza, nani anakata wenzake maneno."

Ghanima alikuwa amejiandaa. Tangu duka la vitambaa la baba yake lifungwe mtaani Bwiza, alikuwa ameomba kazi kila mahali, na mara zote mbili alizoitwa kwenye usaili wa pamoja alishindwa kwa sababu ya kunyamaza. Safari hii alikuwa amefanya mazoezi mbele ya kioo: tabasamu, tazama watu machoni, wataje wenzako kwa majina yao.

Walijitambulisha. Zamu ya Joëlla ilipofika, alisema kwa sauti ndogo kwamba alizaliwa Gatumba, wakahama pale maji ya mto Rusizi yalipoingia nyumbani, na sasa amepanga chumba Bwiza. 

Kisha Spéciose akatoa swali lake. "Tuseme mafuriko yamekuja. Kuna mutumbwi moja, nafasi ni ya watu wawili. Nyinyi muko watatu. Mukubaliane nani abaki."

Gaël alianza mara moja. Yeye anajua kupiga kasia, alisema, bila yeye mtumbwi hauendi. Ghanima akasema ana wazazi wanaomtegemea. Joëlla alikuwa ametazama sakafu. Midomo yake ilikuwa imepoteza rangi. Ghanima aliona hivyo, na akaona pia kwamba pale palikuwa na mlango ulio wazi kwake.

"Joëlla abaki," alisema taratibu, akitabasamu kama alivyojifunza. "Hajasema kitu chochote. Tukimungojea tutazama wote."

"D'accord," alikubali Gaël.

"Na Joëlla mwenyewe?" aliuliza Spéciose. "Tunatafuta mutu wa équipe, anayekubaliana na wenzake."

Joëlla aliuvuta mkoba wake kifuani. "Ndiyo. Mi nabaki."

"Ndiyo," ikasema sauti nyingine.

Ilitoka ukutani, nyuma ya Spéciose. Ilikuwa fupi na nzito, kama ya mtu mwenye maji mdomoni. Gaël alicheka akidhani kuna watu chumba cha pili. Spéciose aligeuka, akautazama ukuta, kisha akawashukuru haraka na kuwaambia wangepigiwa simu. Joëlla aliposimama, sakafu chini ya kiti chake ilikuwa na dimbwi dogo. Aliona haya, akalifuta kwa kiatu.

Ghanima ndiye aliyepigiwa simu. Mama yake alichinja kuku, na baba yake alivaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa.

Meza yake ya kazi iliwekwa pembeni ya kile chumba, ukuta ni uleule. Mwanzoni ilikuwa harufu tu, ikija mchana baada ya chakula na kuondoka. Aliwasha udi uliotoka nyumbani, harufu ikauzidi udi. Kisha zikaja sauti za maji, kama mtu anayetembea polepole huku maji yamemfika magotini, akienda na kurudi nyuma ya ukuta.

Siku moja, akiwa anazungumza na mteja kwenye simu, alisikia mtu akisema kwa upole, "Joëlla abaki." Mteja akauliza kama bado yuko. Ikasemwa tena, na akatambua kwamba sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, na lile tabasamu lake la mbele ya kioo lilikuwa ndani yake, akalisikia, akasikia namna jina la mwenzake lilivyovutwa kidogo ili lipendeze, na nyuma ya sauti hiyo maji yalikuwa yakitembea, yakienda, yakirudi, kama mtu anayefurahi kurudia kitu alichopewa.

Jioni hiyo Gaël alimngoja mlangoni kwao. Tai hakuwa nayo.

"Umemuona Joëlla?" aliuliza.

"Apana. Kwani?"

"Njoo umuone."

Walimkuta ameketi mlangoni pa chumba chake, jua la jioni likimpiga usoni. Godoro lake lilikuwa limeanikwa ukutani tangu asubuhi na lilikuwa bado linachuruzika. Gauni lake lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Alipokohoa aliweka kitambaa mdomoni, na kitambaa kikatoka na tope.

"Hospitali wamesema mapafu ni mazima," alisema. Hakuonyesha hasira, na hilo lilimuumiza Ghanima zaidi. "Kila nikifunga macho, niko kule nyumbani Gatumba. Maji yamenifika kifuani. Watu wanapita na mitumbwi. Wananiona, Ghanima. Wananisalimu kwa jina. Hakuna anayesimama."

"Joëlla, mi sikujua. Ulikuwa mchezo tu."

"Najua. Mi mwenyewe nilisema ndiyo."

Ghanima alikuwa na mjomba mtaani Buyenzi, Mwalimu Yaseen, aliyefundisha watoto Kurani na aliyeitwa na watu wakati mgonjwa wao alipohitaji kusomewa. Ghanima alimwendea, naye akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akiwa ameketi kwenye mkeka, vidole vyake vikizungusha tasbihi.

"Kama kile kitu kingemuiba, ningemusomea kikamwachia," alisema hatimaye. "Lakini hakikumuiba. Mulikipa. Mulimutaja kwa jina, wote mukakubali, na yeye akakubali."

"Sasa tufanye nini, mjomba?"

"Muketi palepale, wote mulioketi siku ile, mumurudishe kwa midomo ileile. Na yeye mwenyewe akatae. Mi sikuwa ndani, kwa hiyo nitasoma nje." Akaiweka tasbihi chini. "Halafu kitawauliza mwingine. Musijibu. Musitaje mutu yeyote mpaka mufike hapa nyumbani kwangu. Umenisikia, mwanangu? Yeyote."

Asubuhi iliyofuata Ghanima aliingia kwa Spéciose na kumweleza yote, akidhani atafukuzwa kazi. Spéciose alifunga mlango kwanza.

"Niliisikia," alinong'ona. "Tangu siku ile, siwezi kuketi mule peke yangu." Akaeleza kwamba chumba kile kiliongezwa baadaye, na mchanga wa kukijenga mwenye nyumba aliununua kwa bei ya chini, uliochotwa mdomoni mwa Rusizi wakati maji ya mafuriko yalipoanza kushuka. "Mi si mwenyeji wa mambo haya, dada. Mi nasali rozari yangu. Lakini nitakuja."

Walikutana Jumamosi mchana, wafanyakazi wengine wakiwa wameondoka. Mvua ilikuwa inanyesha. Mwalimu Yaseen alisimama chini ya paa la geti pamoja na zamu, mlinzi wa nyumba, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Wanne waliingia, kila mmoja akiwa ameshaambiwa onyo lake. Joëlla alitembea akimshika Gaël bega, na kila alipokanyaga palibaki unyayo wa maji.

Waliketi kwenye viti vilevile. Mvua iligonga mabati. Kisha harufu ikaja, na Ghanima akazungumza kabla ujasiri haujamtoka.

"Mimi nilimtoa Joëlla. Namrudisha. Habaki."

"Habaki," alisema Gaël.

"Mi niliuliza," alisema Spéciose. "Nafuta swali langu. Habaki."

Joëlla akafungua mdomo. Yakatoka maji, machafu, yakamwagika kwenye magoti yake. Alijaribu tena, na sauti iliyotoka ilisema "Ndiyo," kwa adabu, kama siku ile. Alijaribu kwa Kifaransa, ikatoka ndiyo. Alikuwa akitikisa kichwa na huku mdomo wake unakubali, anakataa kwa macho na anakubali kwa ulimi, na maji yalikuwa yameanza kusikika chini ya sakafu, yakipanda, yakigonga vigae kwa chini kama viganja vya watu wengi, na rangi ya ukuta ikafura zaidi, ikapasuka, ikaanza kutoa jasho jeusi lililoteremka polepole hadi miguuni pa kiti cha Spéciose, ambaye alikuwa amefumba macho na kusali bila sauti, na Ghanima akapiga magoti mbele ya Joëlla, akamshika mikono iliyokuwa baridi kama samaki, akamwambia, "Usiseme vizuri. Usitupendeze. Sema kama unavyosema kwenu."

Joëlla alimtazama. Akavuta pumzi iliyokoroma.

"Sinsigara," alisema, kwa Kirundi cha mama yake. Sibaki. Kisha akapiga kelele, "Sinsigara!"

Maji chini ya sakafu yakatulia. Mikono yake ikaanza kupata joto.

"Vizuri sana," ilisema sauti ukutani. Ilikuwa sauti ya Spéciose, ule upole wake wote, ingawa Spéciose mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa viganja. "Sasa mukubaliane. Nani abaki?"

 Walisimama, wakashikana mikono. Sauti ikawauliza tena kwa sauti ya mama yake Gaël, ikimbembeleza, na Gaël akalia huku anatembea. Ikamuuliza Ghanima kwa sauti ya baba yake, akauma mtandio wake kwa meno. Walipita mlangoni, wakapita ukumbini, wakatoka barazani penye mvua. Joëlla aligusa gauni lake mapajani, akaligusa tena. Mvua ilikuwa inamlowesha sasa, mvua ya kawaida, na akaanza kucheka kwa kwikwi.

Karibu na geti Spéciose aliuachia mkono wa Ghanima. Mlango mkubwa wa nyumba haukuwa umefungwa, na funguo alikuwa nazo yeye. Alionyesha mlango kwa kidole, akarudi mbio barazani akiwa amejifunika kichwa kwa koti.

Zamu alifungua geti. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu, amevaa koti la mvua la plastiki, na hakuwa amesikia chochote.

"Nifunge ao kuna mutu anabaki?" aliuliza.

"Madame Spéciose anabaki," alisema Gaël, bado anafuta machozi.

"Eeh, anabaki kidogo," alisema Ghanima. Joëlla akaitikia kwa kichwa.

Kutoka barazani Spéciose aliyasikia, akapunga mkono wenye funguo. "Ndiyo, nabaki dakika moja!"

Mwalimu Yaseen aliacha kusoma katikati ya aya. Alimtazama mpwa wake. Ghanima ndipo alipoelewa kwamba walikuwa wamejibu, akageuka kukimbia, na mlango mkubwa ulikuwa umeshafungwa kutoka ndani.

Joëlla alipona. Siku hizi anauza vitenge sokoni, na godoro lake ni kavu. Gaël alivuka Gatumba kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, juma lilelile, na namba yake haipatikani. Bila yeye hawatimii kumrudisha Spéciose, na Mwalimu Yaseen amesema wazi kwamba wasipotimia, kusoma kwake hakufiki popote.

Jumatatu Ghanima alikwenda kazini kumwona Spéciose. Alimkuta kile chumbani, ameketi wima, nywele zimechanwa vizuri. Pindo la sketi yake lilikuwa jeusi kwa maji. Ghanima alimwita kwa jina. Spéciose alimtazama kwa upole, bila kumtambua hata kidogo, akamwonyesha kiti.

"Karibu," alisema. "Utaanza kwa kujitambulisha."

Ghanima hakuketi, na hakurudi tena kuchukua hata mshahara wake.

Kampuni haijafunga. Inasemekana inakua, na kila baada ya muda inaita vijana. Ghanima akisikia wameitwa, hupanda Kiriri asubuhi na kusimama barabarani karibu na geti. Mara ya mwisho alimzuia msichana mmoja aliyevaa blauzi iliyopigwa pasi vizuri, akamshika mkono, akamwambia kila kitu, bila kuficha lile alilofanya yeye.

Msichana alimsikiliza huku akitazama saa ya simu yake. Kisha akatabasamu kidogo, kwa huruma.

"Dada, nawe uko candidat wa hii kazi?" aliuliza. "Pole. Nafasi ni moja, naelewa." Akautoa mkono wake taratibu, akaingia.

Dirisha la kile chumba lilikuwa wazi. Ghanima alisikia viti vikivutwa, watu wakisalimiana, na ile sauti ya upole ikiwakaribisha. Msichana alikuwa wa kwanza kuzungumza. Alikohoa kidogo, akaanza kutaja jina lake kwa kujiamini, waziwazi, na Ghanima pale barabarani akaziba masikio kwa mikono yote miwili ili asilijue.