Mama Koleza Hauachi Mwiko

Misumeno ilikuwa bado haijaanza kulia, lakini moto wa Mama Koleza ulikuwa umeshawaka vizuri. Jiko lake lilikuwa nyuma ya karakana ya maseremala, chini ya bati, kati ya rundo la mbao na pipa la maji. Hapo ndipo alipopika chakula cha mchana cha mafundi wote. Mume wake alikuwa fundi hapo hapo, mpiga randa. Jioni walirudi nyumbani pamoja, wote wawili wakinukia mbao, yeye akiongeza na moshi.

Jina la Mama Koleza alipewa na mafundi, kwa sababu chakula chake hakikuwahi kuwa chapwa mdomoni. Chumvi hakuipima kwa kijiko. Aliitia kwa kiganja.

Tena alikuwa msafi kupita kiasi. Alimenya kila kitu. Nyanya alizitia kwenye maji ya moto akazivua ngozi. Bilinganya alizikwangua mpaka zikawa nyeupe kama sabuni. Kitunguu chekundu alikivua nguo juu ya nguo, mpaka akafika kwenye moyo wake mweupe. Mboga za majani alizichemsha mpaka zikasalimu amri, kisha akazikamua kama mtu anayefua soksi. Yale maji ya kijani aliyamwaga mtaroni.

"Mama, hata pera unalinyoa ndevu?" aliuliza fundi vitanda, mtani wake wa kila siku.

"Maganda ni ya mbuzi," alijibu. "Mimi napikia watu. Ingawa wewe nina mashaka nawe."

Mafundi wakacheka.

Chakula kikishanyolewa hivyo, ladha nayo iliondoka. Hapo ndipo kiganja cha chumvi kilipoingia, na juu yake unga wa mchuzi wa pakiti, ambao nao umejaa chumvi. Akaonja, akaona bado. Akaongeza. Akaonja tena. Ulimi wake ulikuwa umeshazoea, hausikii tena, kama sikio la mtu aliyesimama na msumeno maisha yake yote.

Siku moja, akiwa anageuza wali, dunia ilimzunguka. Alishika nguzo. Mfuniko ukamponyoka, ukaviringika mpaka miguuni kwa mume wake. Mume akatupa randa, akaja mbio.

"Mama watoto! Una nini?"

"Sina kitu. Geuza huo wali, utaungua."

"Wali uungue! Twende zahanati."

Muuguzi wa zahanati alikuwa kijana mpole, lakini asiyezungusha maneno. Alimketisha mama kwenye kiti chenye mgongo, akamwambia atulie kwanza, miguu chini, asizungumze. Ndipo akamfunga kitambaa cha kipimo mkononi. Alipima, akangoja, akapima tena.

"Mama, presha yako iko juu sana. Shukuru umepata onyo. Wengi hawaumwi popote, wanakuja kushtuka wameshapooza upande mmoja."

Mama Koleza alikumbuka ya kwao. Mama yake mzazi alikwenda hivyo hivyo. Dada yake naye pia.

"Ni ya ukoo," alisema taratibu.

"Ukoo unachangia. Lakini ukoo hauko peke yake. Niambie, unapikaje?"

Hapo mama akachangamka. Alieleza kila kitu kwa fahari: kumenya, kukwangua, kukamua, kukoleza. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakuna kichwa.

"Mama, unatupa kilicho chema, halafu unaweka kibaya mahali pake."

"Wee mwanangu!" Mama alishika kiuno, na kitambaa cha kipimo bado kinaning'inia mkononi. "Nimeanza kupika wewe hujaota jino. Leo unanifundisha kumenya kitunguu?"

"Mama watoto, msikilize," mume alimsihi.

"Namsikiliza. Hata masikio yamenisimama."

Muuguzi alitabasamu. "Mama, mmea hauna miguu. Jua likiuchoma hauwezi kukimbilia kivulini. Mdudu akiuuma hauna mkono wa kumfukuza. Basi Mungu ameupa kujitengenezea kinga yake mwenyewe. Sehemu ya kinga hiyo wataalamu wanaiita polifenoli. Nyingi hukaa kwenye ganda na karibu na ganda, na nyingine ndizo zinazoupa mmea rangi. Ule wekundu wa kitunguu. Ule weusi wa bilinganya na zabibu. Ule ukakasi unaousikia kwenye chai. Ziko pia kwenye maharage, mboga za majani na matunda."

"Na mimi zinanihusu nini?"

"Watafiti wamewaangalia watu wengi. Wameona wanaokula vyakula hivyo kwa wingi mara nyingi presha yao iko chini kidogo kuliko ya wasiovila. Inaonekana zinasaidia mishipa ya damu kulegea. Mshipa ukikakamaa, moyo unasukuma kwa nguvu. Ukilegea, damu inapita kwa raha. Chumvi nyingi nayo inavutana upande ule mwingine, inapandisha."

Mama Koleza alitazama mikono yake. Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomwaga yale maji ya kijani kila siku.

"Kwa hiyo nikila maganda nitapona?"

"Hapana! Nimesema zinasaidia. Sikusema zinaponya. Vidonge hivi utameza kila siku, ujisikie vizuri au vibaya. Chakula ni msaidizi wa dawa. Hakiwi mbadala wake. Usikubali mtu akudanganye."

Habari ilifika karakana kabla yao. Msimamizi, mtu mnene mwenye sauti ya kuamuru, aliwangoja mlangoni.

"Mama, pole. Nenda ukapumzike. Sitaki mtu aniangukie kwenye moto. Nitatafuta mpishi mwingine."

"Mpishi wa nini? Mimi sijafa."

"Presha si mchezo. Kwenye ukoo wenu, nasikia, ikishamshika mtu..."

"Malizia!" Mama alimkatiza. "Ikishamshika mtu nini? Sikiliza, bosi. Mungu ndiye mpangaji. Lakini chumvi nilitia mimi kwa mkono wangu, na mkono huu huu utaipunguza. Nitapumzika mpaka muuguzi aniruhusu. Halafu narudi. Huu mwiko siuachi."

Msimamizi aliguna. Alikubali wifi yake Mama Koleza, dada wa mumewe, ashike jiko kwa muda. Lakini alitoa sharti: mama akirudi, apimwe hapo hapo karakana, mbele yake. Presha ikiwa bado juu, ndiyo basi.

Nyumbani vita ilianzia sahanini. Mama Koleza aliosha kitunguu, akavua lile ganda kavu tu, akakikata chote na wekundu wake. Bilinganya aliiosha vizuri, akaikata na ngozi yake. Mboga za majani alizipika kwa maji kidogo, muda mfupi, na maji yake yakabaki kwenye mchuzi. Mahali pa chumvi aliweka ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Unga wa pakiti aliufungia kabatini, kisha akaona anajidanganya, akautupa.

Wifi alionja, akakunja uso.

"Wifi, hiki ni chakula au ni maji ya kunawia?"

"Ni chakula. Ulimi wako ndio mgonjwa."

"Na wako je?"

"Wangu nao ni mgonjwa. Uko matibabuni."

Ni kweli, siku za mwanzo chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni mwake. Alikula akiwa amekaza roho, akimwomba Mungu amrudishie ulimi wake. Wiki zikapita. Ulimi ukaanza kuamka. Siku moja alisikia utamu wa nyanya, nyanya yenyewe, na akashangaa kwamba amepika nyanya miaka yote hiyo bila kukutana nayo.

Halafu wifi akaja na kopo la unga wa zambarau. Alilinunua kwa mchuuzi mwenye kipaza sauti.

"Wifi, hii ndiyo dawa! Ni hizo hizo polifenoli zako, zimekamuliwa zote zikatiwa kopo moja. Anasema ukianza kunywa, vidonge unatupa."

"Anasema nani?"

"Yule mtu. Ana koti jeupe."

"Hata muuza nyama ana koti jeupe."

"Unadharau! Unataka ufe kama mama yako?" Neno lilimtoka wifi kabla hajalipima. Mume aliweka kijiko chini.

Mama Koleza hakupandisha sauti. "Mama yangu alikufa kwa sababu alijisikia nafuu, mtu akamwambia aache dawa. Nilikuwepo. Mimi sitakufa kwa ushauri wa kipaza sauti. Najua unanipenda, wifi. Ndiyo maana sikutupi nje pamoja na hilo kopo. Kopo tu ndilo litakalotoka."

Aliinuka, akachukua kidonge chake, akakimeza mbele yao wote na maji. Wifi akafuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akajimegea bilinganya bila kulalamika.

Kliniki alikwenda kila alipoitwa. Mara ya kwanza presha ilikuwa imeshuka kidogo tu. Mara iliyofuata ikashuka zaidi. "Vidonge vinafanya kazi, kupunguza chumvi kunafanya kazi, na sahani yako inasaidia," muuguzi alisema. "Kila kimoja na mchango wake. Unaweza kurudi jikoni."

"Basi na wewe utakuja nami," alisema mama. "Nina jambo la kukuomba."

Siku ya kurudi, msimamizi alisimama karibu na jiko, mikono nyuma. Mafundi walikuwa wamezima misumeno. Mama Koleza aliingia na muuguzi, mwenye mfuko wa kipimo begani.

"Haya, mama, kaa upimwe," alisema msimamizi.

"Nitakaa. Lakini kwenye benchi hili sikai peke yangu. Nyote mmekula chumvi yangu miaka yote hii. Atakayetaka atapimwa leo, tuanze na mimi, halafu na wewe bosi."

"Mimi? Mimi sina presha! Mimi mzima kama chuma!"

"Hata mimi nilikuwa mzima," alisema mama, "mpaka mfuniko uliponiponyoka."

"Bosi anaogopa kitambaa!" fundi vitanda alipaza sauti kutoka nyuma ya kabati. Vicheko vikazagaa. Msimamizi akatazama huku na huku, akaona hana pa kutokea.

Mama Koleza alikaa. Alitulia, miguu chini, mdomo kimya, jambo ambalo mafundi hawakuwahi kuliona. Muuguzi alipima, akarudia. Mama mwenyewe akamwambia ataje kwa sauti.

"Iko mahali pazuri," alisema muuguzi.

Mume wake alipiga kofi moja kwenye ubao, vumbi likaruka. Ndipo zamu ya msimamizi ikafika. Alikaa kwa kishindo. Muuguzi alipima. Akamngoja atulie. Akapima tena, kisha akainama akamnong'oneza sikioni.

"Amesemaje?" waliuliza mafundi.

"Hayo ni ya mtu na muuguzi wake," alijibu muuguzi, akifungua kitambaa.

Msimamizi alibaki ameketi. Ile sauti ya kuamuru ilikuwa imemkauka. Kisha akasema mwenyewe, "Iko juu. Iko juu kuliko ya mama ilivyokuwa."

Fundi vitanda aliangalia chini, utani umemwishia.

"Kipimo cha siku moja hakitoshi," muuguzi alisema kwa upole. "Utakuja zahanati tupime tena, tuangalie vizuri. Ni kitu kinachotibika."

Msimamizi aliinua macho kwa Mama Koleza. "Nilitaka kukufukuza kwa jambo hili hili."

"Ndiyo. Ulitaka."

"Sasa mimi nani atanifukuza?"

Mama Koleza alifunga aproni yake. Alichukua mwiko kutoka mkononi mwa wifi, aliyekuwa amepika siku hiyo kwa maelekezo yake, naye akamwachia. Alifunua sufuria. Mvuke ulipanda na harufu ya tangawizi na kitunguu. Alipakua maharage mekundu, akaweka bilinganya nyeusi na ngozi yake, akaongeza mboga za kijani na mchuzi wake.

"Hapa hafukuzwi mtu kwa sababu ya mishipa yake," alisema, huku akiwatazama wote. "Anayeugua atatibiwa, na kazi yake itamngoja. Hilo ndilo sharti langu mimi. Na chumvi ya mezani nimeiondoa, msiitafute. Mkigonga sahani kuidai, gongeni mpaka zitoboke. Mtapakuliwa viganjani."

Hakuna aliyegonga.

Alimwekea msimamizi sahani mapajani. "Kula, baba. Ukimaliza, twende zahanati. Nitakusindikiza mwenyewe, usije ukapotelea njiani."

Msimamizi alitia kijiko, akatafuna, akakunja uso kidogo.

"Hakijakolea," alisema.

"Najua," alisema Mama Koleza. "Malizia."