Nyota Moja ya Binti Waru

Kati ya Runyenjes na Nkubu hakuna mtu anayeujua mchezo wa tenisi kunishinda mimi. Kila pigo naweza kukueleza, kila neti, kila mpira uliotoka nje. Sawa, uwanja wenyewe sijawahi kuukanyaga, na siku niliyopewa simu nicheze nilimtwanga mwamuzi mpira wa uso nikidhani ndiye mpinzani. Lakini haya ya Kiende na Mutegi nayajua vizuri, maana yalianzia mezani, si uwanjani.

Ilikuwa siku ya soko, Embu mjini, katika hoteli moja nyuma ya stendi ambako ukikosa meza unaketi popote, hata kama uliyemkuta anakula na mkewe na wamenuniana. Kiende alikuwa peke yake kwenye kona. Alivaa sketi ya manjano yenye mikunjo, blauzi nyeupe ya kuuzia dawa za mifugo dukani kwao, na rasta za kusukwa jana, zile zinazovuta kichwa mpaka mtu anaonekana ameshangaa hata kama hajaona kitu. Mkono mmoja ulishika kijiko cha githeri, wa pili simu. Kwenye simu, mbuzi wa katuni aliyevaa kaptura alirukaruka na raketi kubwa kuliko mwili wake.

"Hapa kuna mtu?" sauti ikauliza.

"Kuna mbuzi tu," Kiende akajibu bila kuinua macho. "Keti."

Kijana akaketi. Mrefu, mwembamba, shati la miraba limefungwa vifungo vya kupishana, kola moja shingoni na nyingine inaelekea sikioni. Alikuwa na bakuli la supu. Alipoiona ile simu, nusu ya supu ikaenda mezani.

"Unacheza... unacheza Nipige Nikupige?"

"Unaujua?"

"Nimeutengeneza mimi."

Damu ya Kiende ikasimama. Na kwa nini isisimame? Michezo ya simu ina mahali pake chini, ambapo wachezaji huandika maoni yao na kutoa nyota. Tano ni sifa, moja ni tusi. Kiende alikuwa ameshatoa yake wiki iliyotangulia, kwa jina la Binti Waru, kwa sababu amezaliwa Kibirichia ambako watu hukua pamoja na waru, yaani viazi. Siku hiyo alikuwa amefungwa na yule mbuzi mara nyingi mpaka uji ukaungua jikoni. Akaandika kwa hasira: "Aliyetengeneza mchezo huu hajawahi kukimbia, hata kufukuzwa na ng'ombe. Watu wake wanakimbia kama wamebanwa na choo. Mpira ukipigwa unafikiria kwanza kama utaenda." Nyota moja. Akalala usingizi mzuri.

Watu hawakulala. Walicheka, wakatumiana, wakaja kumwaga nyota zao moja moja kama mvua ya mawe.

"Na unauonaje?" Mutegi akauliza. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri majibu ya damu.

"Mzuri," Kiende akasema. "Mzuri sana. Yaani siwezi kuuacha."

Nusu ya pili ilikuwa kweli.

Wakapendana haraka, kama watu wawili walioshikwa na mvua chini ya paa moja. Kiende alimpenda Mutegi kwa sababu alikuwa akichora nyuso kwenye kiganja chake mwenyewe akikosa karatasi, na kwa sababu ile sauti ya raketi, *pwaa!*, aliipata kwa kupiga mtungi wa maji kwa ndara. Mutegi alimpenda Kiende kwa sababu alicheka kwa mabega.

Jumapili moja Mutegi akamkaribisha kwake Dallas, mtaa wa hapo Embu. Chumba kimoja, meza ya plastiki, kompyuta, na ukuta mzima umejaa michoro: mbuzi wa kaptura, mama mnene mwenye kiondo mgongoni, mzee wa gambuti. Akamtilia chai, kisha akasema polepole, "Kiende, mimi maoni sisomi tena."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu aliniua. Niliacha kazi ya ofisi kwa ajili ya huu mchezo, kila mtu kwetu Kianjokoma akaniita kichaa. Halafu akaja huyo mtu. Anaitwa Binti Waru. Tangu siku hiyo simu ikilia naigeuza kifudifudi. Nikimjua, hata tukikaa benchi moja kanisani simsalimii."

Chai ilimtokea Kiende puani.

"Pole! Imekuchoma?"

"Ni... ni tangawizi," akasema, machozi yakimtiririka.

"Kipenzi, nisaidie. Wewe una sauti nzuri. Uwe unanisomea, kila jioni, kwa simu. Nikiyasikia kwako sitaogopa."

Angefanya nini, maskini? Akakubali. Na kuanzia hapo ndipo hofu ilipohamia kwake na mizigo yake yote.

"Mpenzi, umefika?"

"Nimefika, nimevua viatu."

"Soma basi. Pole pole. Nimekaa chini."

Kwenye simu paliandikwa: *Huyu mbuzi anapiga mpira kabla haujafika. Ni mchawi?* Kiende akaanza: "Huyu anasema mbuzi wako... anaona mbali."

"Kweli?"

"Nyota nne." Zilikuwa mbili.

"Na mzee wa gambuti? Hakuna aliyemsema?"

Palikuwa na aliyemsema: *Mzee akikimbia ni kama friji inasukumwa kwenye kokoto.* "Wanasema ni imara," Kiende akasoma. "Kama friji."

"Kama friji?"

"Ni sifa hiyo, switi. Wewe unajua nyumba ngapi zenye friji?"

Mutegi akacheka mpaka simu ikakwaruza. Kisha akashusha sauti. "Na yule? Binti Waru. Bado yuko?"

Alikuwapo. Alikuwa juu kabisa, wa kwanza, kama jogoo kwenye paa.

"Simwoni," Kiende akasema, akamfunika kwa kidole gumba.

Kila jioni ikawa hivyo. Alipungua uzito. Dukani alimpimia mkulima dawa ya kupe badala ya dawa ya minyoo, na kama si Gatwiri, mwenzake wa kaunta, ng'ombe wa watu angekunywa sumu.

"Wee Kiende, unataka tufungwe? Mwambie huyo kijana."

"Ataniacha, Gatwiri."

"Basi futa yale maneno."

"Nimejaribu! Simu inaniuliza neno la siri la Binti Waru. Nimeweka jina la mama, la baba, la mbwa. Imenifungia nje."

"Ulimjaribu ng'ombe?"

"Usinichekeshe, aki. Nikilala naota anasimama mlangoni na simu mkononi, hasemi kitu, ananiangalia tu. Mimi yule mtu nampenda. Nikimpoteza kwa sababu ya mbuzi wa katuni nitaenda wapi?"

Gatwiri hakucheka tena.

Jambo moja lilimshangaza Kiende. Mbuzi alianza kungoja mpira ufike. Mzee wa gambuti akawa mwepesi, akikimbia unaona kabisa anakimbia. Wachezaji wakaandika, wenyewe bila kupakwa sukari: *Sasa hapo sawa! Mama wa kiondo anarudisha mpira kama anarudisha deni la jirani.*

"Umewarekebisha?" Kiende akauliza.

"Nilihisi tu," Mutegi akasema. "Fundi huhisi."

Halafu ikaja ile simu.

"Mrembo! Keti chini. Kuna watu wanatoka Nairobi kuuona mchezo. Jumamosi, kwenye ukumbi, mbele ya watu. Nawe utapanda jukwaani na mimi."

"Kufanya nini?"

"Kusoma maoni. Ile sauti yako. Na sikiliza: nataka usome hata ya Binti Waru. Mbele ya watu wote. Nimechoka kumwogopa. Akitoka kinywani mwako nitapona."

Kiende akaketi kweli, sakafuni. Aliona ule ukumbi, viti vyote, macho yote, na yeye amesimama na maneno yake mwenyewe mdomoni. Alijijua. Angetetemeka, angelia, na Mutegi angegeuka amtazame, na angejua hapo hapo, mbele ya wageni.

"Kipenzi? Uko hapo? Utayatafuta?"

"Nitayatafuta," akanong'ona.

Ijumaa akaomba ruhusa kazini, akazima simu, akaenda kwao Kibirichia.

Huko hakuna aliyemuuliza neno, maana waru zilikuwa zinachimbwa na mikono haitoshi. Baba yake, mzee Kobia, alimpa jembe. Akachimba Ijumaa, akachimba Jumamosi, baridi ya mlima ikimng'ata masikio, na kila pikipiki ikinguruma barabarani alichutama katikati ya mashina kama sungura. Aliwaza ukumbi. Aliwaza Mutegi amesimama peke yake na kola yake iliyopinda. Usiku aliwasha simu kidogo tu. Jumbe zikaingia kama kumbikumbi. *Uko wapi? Umeugua? Kiende, ni mwanamume mwingine? Ni yule mwenye pikapu ya waru, anayekuja dukani kwenu? Niambie tu. Nimekukosea nini?* Akazima, akaweka simu chini ya godoro na kulala juu yake, kana kwamba ingeweza kutoroka.

Jumapili baada ya kanisa, gari likasimama langoni.

Kwanza akashuka mama mmoja, kitambaa cheupe kichwani, kitenge cha zambarau, kikapu cha ndizi mkononi. Ni Rwamba, mama yake Mutegi. Nyuma yake Mutegi mwenyewe, ndani ya suti. Kiende hakungoja kuona vifungo. Alikimbilia stoo ya waru, akafunga mlango, akakaa gizani kati ya magunia. Alijua kilichowaleta. Mtu haji na mama yake Jumapili na suti ila kwa mambo mawili, kuomba au kushtaki, na yeye alijua anastahili lipi.

Mlango ukasukumwa.

"Kiende."

"Sipo."

"Gatwiri alinielekeza kwenu, na baba yako ameniambia uko na magunia."

"Baba hajui kunyamaza." Akavuta gunia mbele yake. "Ukumbini ilikuwaje?"

"Nilisimama peke yangu nikasema msomaji wangu ni mgonjwa. Walimpenda mbuzi. Wamechukua namba yangu." Akachutama mbele yake. Alikuwa na duara nyeusi chini ya macho. "Lakini mimi sikuona chochote. Nilikuwa naangalia mlango. Kiende, ni nani? Ni yule wa pikapu?"

"Hakuna pikapu!" Akaficha uso kwenye viganja vyenye udongo. "Ni mimi, Mutegi. Mimi ndiye Binti Waru. Ile nyota ni yangu. Yale ya ng'ombe, yale ya choo, yote yangu. Nilikuwa nimefungwa na mbuzi, uji ukaungua, sikukujua. Halafu nikakujua, nikaogopa. Kila jioni nilikuwa nakufa. Haya, nimesema. Sasa nenda na mama yako, usinisalimie hata kanisani."

Waru moja ikabingirika kutoka juu ya gunia.

Mutegi akasimama. Akashika kifua. Akaegemea ukuta, akatazama dari kama mtu aliyepigwa na radi mchana.

"Wewe?" akasema. "Wewe, Kiende? Mungu wangu. Sauti ile ile iliyoniponya!"

"Nisamehe."

"Ngoja. Ngoja nivute pumzi." Akavuta. "Imeniuma. Sikufichi. Imeingia mpaka huku." Akaonyesha huku. "Mwingine angeondoka. Lakini mimi nina roho kubwa. Nitakusamehe. Ila utapata adhabu."

"Yoyote," Kiende akasema kwa kwikwi.

"Utanisomea maoni kila jioni mpaka tuzeeke. Nyumbani kwetu, si kwa simu. Na nyota zote uzisome kama zilivyo." Akapiga goti kwenye vumbi la waru, suti na yote. "Unakubali?"

Kiende aliitikia kwa kichwa. Akaitikia tena, machozi na udongo vikimchora usoni, na ile hofu ya miezi ikaanza kumtoka mwilini kama homa inayoshuka. Mutegi akampangusa kwa tai yake.

"Lakini ujue," akaongeza, maana mwanamume akishasamehe hajui kuacha, "haitakuwa rahisi kusahau. Kuambiwa leo, ghafla, jambo ambalo sikuwahi hata kuliota—"

"Leo?"

Ni Rwamba, mlangoni, na vikombe viwili vya chai mkononi.

"Mama, tafadhali, tunazungumza."

"Nimekusikia ukisema leo, nikashangaa. Mwari wakwa, binti yangu, kwani hajakuambia? Huyu alinieleza siku nyingi zilizopita, tukipalilia maharagwe. Akasema, 'Mama, nimempata Binti Waru. Kila jioni ananisomea maoni, nami nayafuata kwa kompyuta. Yote anayapaka sukari isipokuwa moja, hilo analiruka kama shimo la barabara. Ni yeye! Na siwezi kumwambia, maana nikimwambia ataacha kunipigia.' Akacheka mpaka akang'oa maharagwe akaacha magugu."

Kiende aliacha kulia. Alimtazama Mutegi, ambaye bado alikuwa amepiga goti, tai ya udongo mkononi, masikio yakigeuka rangi ya kitenge cha mama yake.

"Unayafuata kwa kompyuta," Kiende akasema taratibu. "Kila jioni. Na mimi nakufa."

Mutegi akamwangalia mama yake. Akamwangalia Kiende. Akaliangalia gunia, nalo halikumsaidia.

"Mama anachanganya," akasema. "Hayakuwa maharagwe. Yalikuwa mahindi."