Ushahidi wa Mlokole

Lifti ilikwama saa ya chakula cha mchana, na ukumbi wa chini wa jengo lile la maofisi ukageuka soko. Huyu anabonyeza kitufe, yule anagonga mlango, wengine wanamfokea dada wa mapokezi utadhani yeye ndiye aliyeikwamisha. Naye amesimama nyuma ya meza yake, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikapigika, tabasamu limeanza kumuuma mashavu.

"Nipisheni jamani, mwenye mgonjwa wake nimefika!"

Alikuwa kijana mrefu mwenye overoli ya buluu, begi la vifaa begani na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Fundi mpya wa lifti.

"Dada, naomba ufunguo wa chumba cha mashine. Na kama una pipi nipe. Nikiwa na njaa mikono hutetemeka, na huko juu hapataki mtetemo."

Akampa ufunguo na pipi mbili. Lifti ilipotembea tena, fundi alishuka nayo, akarudisha ufunguo na pipi moja. "Hii nimekubakishia," akasema. Dada wa mapokezi akacheka mpaka akasahau kuwa mashavu yanamuuma.

Tangu hapo lifti ile ikawa inakaguliwa kuliko lifti zote mjini. Jioni simu nazo haziishi.

"Mlokole wangu, umeshafika nyumbani?"

Mlokole ni jina alilopewa na wenzake kazini, maana hata ukimbembeleza vipi hasemi meneja katoka wakati yumo ndani. Wengine walilitamka kwa kubeza. Fundi alilitamka kama mtu anayeonja asali.

"Nimefika, mpenzi. Wewe je?"

"Nimefika, ila moyo nimeuacha pale mapokezi. Kesho uniangalizie, wasije wakaufagia."

"Nitamwambia mama aupitie kando."

Mama waliyemtaja ni mfagizi wa jengo, mwanamke wa makamo mwenye kilemba cha kijani, ambaye kila asubuhi humwambia dada wa mapokezi, "Mwanangu, umependeza. Huyo fundi asikuchezee, nitamchapa na fagio."

Basi ikatokea siku kifaa kinachozuia milango ya lifti kufunguka ovyo kikafa. Fundi aliifunga lifti. Meneja akatoka ofisini, tai imelegea, akamkuta pale mapokezi.

"Wageni wangu wanakuja leo. Wapande ngazi kama mbuzi? Unganisha waya moja kwa moja, itembee."

"Bosi, ni hatari. Mlango unaweza kufunguka na lifti haipo."

"Mafundi wapo wengi mtaani. Unaunganisha, au nimwite mwingine?"

Fundi alimtazama mpenzi wake, akainamisha kichwa, akapanda juu na begi lake. Na dada wa mapokezi, aliyesikia kila neno, alijifanya anapanga magazeti.

Kesho yake asubuhi mama mfagizi alikuwa ghorofa ya kwanza, anavuta ndoo kinyumenyume kama kawaida yake. Mlango wa lifti ulifunguka nyuma yake, na lifti haipo. Ilisikika ndoo kwanza, kisha yeye.

Hakufa. Alivunjika nyonga na mguu, wakambeba huku kilemba cha kijani kimebaki chini shimoni.

Meneja alimwita dada wa mapokezi, akafunga mlango kwa ufunguo. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Wakaguzi wa lifti wanakuita ofisini kwao kesho. Mama alilazimisha mlango kwa fagio lake. Ndivyo ilivyokuwa, sivyo?"

Meneja akasogeza kiti karibu hadi magoti yakakaribia kugusana.

"Najua unapoishi, na mama yako anakotibiwa nakujua. Mimi sitishi watu. Nakumbusha tu. Halafu, aliyeshika waya si mimi. Ukifungua mdomo, anayekwenda jela ni kipenzi chako."

Dada wa mapokezi alitoka pale, akarudi mezani kwake. Jioni ile simu ya fundi ilichelewa, na ilipoita aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mpenzi..."

"Usiseme kitu kesho," fundi alisema. "Nakuomba. Sema hukusikia."

"Na mama? Watasema amejivunja mwenyewe. Atalala kitandani na aibu juu."

"Mimi je? Hunihurumii?"

"Nakuhurumia mpaka nashindwa kupumua. Lakini nimesikia kwa masikio yangu. Nitamwomba Mungu nini kesho kutwa, kama kesho nimemsingizia mgonjwa?"

"Kwa hiyo Mungu wako ananitaka jela."

"Usiseme hivyo, tafadhali..."

Simu ikakatika. Akapiga, haipatikani. Akapiga tena na tena, sauti ileile ya mwanamke asiyejali ikimjibu. Amenikimbia, akawaza. Amenikimbia, na mimi kesho nammaliza.

Alipiga magoti kando ya kitanda. Kwa kawaida maneno humtiririka. Leo alipata sentensi moja tu: "Bwana, kama kuna njia nyingine nionyeshe." Akangoja. Alisikia bomba la jirani likidondosha maji, basi. Njia iliyokuwapo ni ileile aliyokuwa akiiogopa.

Kulipokucha akavaa gauni lake la kijivu, akashindwa kufunga vifungo, akarudia. Barabarani kila gari lililopunguza mwendo lilimfanya ageuke. Kwenye ofisi ya wakaguzi aliona gari la meneja nje, kioo kimeshushwa kidogo, na jicho ndani. Kichwa kilikuwa kinamgonga kwa kukosa usingizi. Angeweza kugeuka, aseme anaumwa, na wala usingekuwa uongo. Akaingia.

Mkaguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani. "Haya binti, mlango ulilazimishwa?"

"Hapana." Sauti ilitoka nyembamba, akakohoa. "Haukulazimishwa. Meneja aliagiza waya uunganishwe. Fundi alikataa, akatishiwa, kisha akaunganisha. Fundi huyo ni mpenzi wangu... alikuwa. Na mimi nilisikia, nikanyamaza. Niandikeni na hilo."

Mkaguzi alivua miwani, akaiweka juu ya faili.

"Mwenzako amesema hivyohivyo. Yuko chumba cha pili tangu tulipofungua."

Dada wa mapokezi alisukuma mlango wa chumba cha pili. Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi, shati jeupe limekunjamana, macho mekundu, polisi pembeni yake.

"Nilidhani umekimbia!"

"Nilikimbia kweli. Nilifika stendi. Halafu miguu ikanipeleka hospitali. Nilimwambia mama mfagizi kila kitu. Nikangoja anitukane." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Aliniuliza kama nimekula. Basi nililia, mpenzi, mpaka nesi akanitoa."

"Simu ulizima kwa nini?"

"Ningesikia sauti yako ningerudi kukushika mkono, na hapa nisingefika. Unaogopa?"

"Sana. Gari lake liko nje."

"Na mimi naogopa. Sikiliza, nilipanga kukuposa nikiwa na kazi nzuri na suti. Sasa sina kazi, na suti nitakayopewa sijui ina rangi gani. Utanikubali hivyohivyo?"

Dada wa mapokezi alicheka na kulia kwa mkupuo mmoja. Polisi akakohoa, akainuka. "Muda umekwisha, kijana."

Akamwongoza fundi kwenye korido ndefu iliyojaa watu wanaongoja zamu zao. Alikuwa ameshafika katikati alipogeuka.

"Mlokole! Hujanijibu!"

Watu wote waligeuza shingo. Kwenye dirisha la mwisho wa korido lilionekana gari la meneja, halijaondoka. Dada wa mapokezi alishika ukuta, akapaza sauti kuliko alivyowahi kuipaza maishani mwake.

"Ndiyo! Nenda, nitakungoja. Ndiyo!"